Harufu Katika Ubongo wa Kaa na Kamba

Utata ulivyoanza

Mwaka 2022, Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuwatambua wanyama wenye hisi, na ndani yake kaa, kamba na jamaa zao wa miguu kumi wakahesabiwa safu moja na ng'ombe na kuku, kuwa ni viumbe ambao serikali haina budi kuwakumbuka inapopanga mambo yake, wengi waliopata habari hiyo walistaajabu, na baadhi yao walicheka. Maana mazoea ya jikoni, huko kama huku, ni kumtia kaa chunguni yu hai, na mtu hana ada ya kuuliza habari za fahamu ya kitu anachokitia chunguni. Sheria hiyo ilitanguliwa na ripoti ya mwaka 2021, iliyotungwa na jopo la wanazuoni chini ya uongozi wa Jonathan Birch wa London School of Economics, ambao walipitia tafiti zaidi ya 300 na kuzipima kwa vigezo vinane. Na kimoja kati ya vigezo hivyo kiliuliza kama mnyama anayehusika anapo mahali katika ubongo wake ambapo habari za hisi mbalimbali hukutana na kuchanganywa.

Hapo ndipo watu walipogawanyika makundi mawili yasiyosikilizana. Kundi la kwanza lilishikilia kwamba kaa hana ubongo wa kutajwa, ila mlolongo wa mafundo ya neva yanayoijibu harufu ya chambo kama mtego unavyoujibu mguu wa panya. Kundi la pili, likiisha kusikia tu kwamba ubongo upo na kumbukumbu ipo, liliruka hadi kumfanya kaa kuwa binadamu mdogo aliyevaa gamba. Yote mawili yaliuzungumza ubongo pasina kuutazama. Na mwenye kutaka kuutazama ubongo wa viumbe hawa, ambao wanaelimu ya viumbe huwaita krasteshia, hatapata mlango ulio mpana kuliko harufu. Kwa sababu wengi wao hutembea usiku, au hukaa mapangoni, au huishi katika maji ya matope ambamo jicho halifai kitu, na sehemu kubwa ya ubongo wao imejengwa kwa ajili ya pua.

Pua na njia yake

Aliyechunguzwa kuliko wote ni kamba koche wa bahari ya Karibi, Panulirus argus, ambaye ni ndugu wa ukoo mmoja na kamba koche watolewao mapangoni na wapiga mbizi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo habari zake si za ugenini kwetu. Ana jozi mbili za papasi: ile kubwa yenye miiba, ambayo hupapasia na kujihami, na ile ndogo, ambayo kila moja imegawanyika matawi mawili, nayo ndiyo pua. Juu ya tawi la nje la kila papasi ndogo vimejipanga vinyweleo vya kunusa zaidi ya 1,000, vyenye ngozi nyembamba hata chembe za harufu zilizoyeyuka majini huweza kuipenya. Na ndani ya kila kinyweleo zimo seli za neva yapata 300. Mwenye kuzidisha atapata zaidi ya seli 300,000 kwa upande mmoja tu wa kichwa, idadi ambayo haifanani hata kidogo na dhana ya mtego na panya.

Wala mnyama huyu hakai kuingoja harufu imjie. Huipiga papasi yake majini, pigo baada ya pigo. Pigo la kushuka ni la haraka, nalo huyaingiza maji mapya baina ya vinyweleo, ilhali pigo la kurudi ni la polepole, na maji yale yale hubaki yamenaswa humo mpaka pigo lijalo. Mtafiti Mimi Koehl na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walilithibitisha jambo hilo kwa kuyatazama maji yenye rangi chini ya mwanga wa leza, wakaonyesha kwamba kila pigo ni kama pumzi moja ya mtu anayenusa. Haja ya kunusa kwa vipande namna hii yaeleweka ukikumbuka kwamba harufu majini haienei sawasawa kama chumvi iliyokorogwa katika uji. Huenda nyuzi nyuzi, mfano wa moshi wa udi unaotoka chetezoni, hapa uzi mzito, na upana wa kidole pembeni yake hamna kitu. Ndiyo maana kikundi cha Barry Ache, huko Florida, kilipogundua kwamba baadhi ya seli za papasi hupiga zenyewe kwa mwendo wa saa, na kwamba jibu la kila seli hutegemea muda uliopita tangu ilipopiga mara ya mwisho, ugunduzi huo ulionekana kuwa na maana kubwa: huenda pua hupima ukali wa harufu, na pamoja nao hupima kipindi kilichopita baina ya uzi na uzi, nacho ndicho kimwambiacho mnyama kama anaikaribia asili ya harufu au anaikimbia.

Kutoka papasini, nyuzi za neva huingia sehemu ya kati ya ubongo, katika kituo cha kunusa, kila upande kituo chake. Kituo hicho ni mkusanyiko wa vifundo ambamo nyuzi zitokazo puani hukutana na seli za ubongo. Na humo seli za mahali pale pale huzuiana na kupunguzana nguvu, ili harufu iliyo kali isizizime zote. Hesabu ya vifundo hutofautiana ajabu: kamba koche wa Karibi anavyo zaidi ya 1,000, kamba mwenye magando wa Marekani, Homarus americanus, anavyo kama 250, na nzi mdogo wa matunda, ambaye wataalamu wa harufu wamemfanya kipimo cha kila kitu, anavyo kama 50 tu.

Baada ya vifundo, njia hupanda. Fungu la nyuzi hutoka kituoni, hugawanyika katikati ya kichwa, matawi yake yakaenda kulia na kushoto, hivi kwamba kila upande hupata habari za pua zote mbili. Kisha hupita hadi katika viungo viwili vya juu, na kimoja kati ya hivyo, kwa umbo lake linalofanana na yai lililokatwa nusu, kimeitwa hemielipsoidi. Na viungo hivyo, katika wengi wa jamii hii, vimo ndani ya shina la jicho. Jambo hili ni la kustaajabisha, kwamba kilele cha njia ya harufu kimewekwa mahali ambapo kila mtu angedhani ni pa kuona peke yake.

Kamba koche, kamba wenye magando na jamaa zao wana nyongeza nyingine, yaani kituo cha pili kilichoegemea kile cha kunusa, ambacho hakipokei uzi hata mmoja moja kwa moja kutoka puani. Hupokea harufu iliyokwisha kupitia kituo cha kwanza, pamoja na habari za macho na za mguso. Kwa kaa wa kweli kituo hicho ni kidogo, na kwa uduvi na kamba wadogo wa kawaida hakipo. Tutakirudia.

Kunusa au kuonja?

Hoja ya kwanza inayowababaisha watu ni ya lugha kabla ya kuwa ya elimu. Sisi hunusa kwa hewa na huonja kwa mate, cha mbali hunuswa na cha karibu huonjwa. Lakini majini kila chenye harufu kimekwisha kuyeyuka kabla hakijafika, kwa hiyo wako waliosema kwamba neno kunusa halimstahili mnyama wa baharini, na kwamba kamba ana hisi moja tu ya kemikali, iliyotapakaa mwilini mwake kote. Rai hii si ya kupuuzwa. Miguu ya kamba koche imejaa vinyweleo vinavyotambua chakula, na midomo yake vivyo hivyo, na asidi za amino zitokazo katika nyama ya samaki humwamsha kwa kupitia papasi na kwa kupitia mguu pia. Kiswahili chenyewe, ambacho kwa kitenzi kimoja husikia harufu, husikia utamu na husikia baridi, kingeweza kusimama upande wa wenye rai hii bila kuona haya.

Lakini rai hii huanguka inapoulizwa habari za samaki, ambaye huishi katika maji yale yale, na hakuna anayebisha kwamba ana pua mbali na ulimi mbali. Kinachotenganisha hisi mbili si maji wala hewa, wala si umbali wa kitu. Ni njia ambayo habari hupita. Neva za mguu wa kamba huishia katika fundo la neva lililo karibu na mguu wenyewe, ambalo huuamrisha mguu ukamate na upeleke mdomoni, pengine kabla ubongo haujashauriwa. Neva za vinyweleo vya kunusa hufululiza hadi ubongoni na kuishia katika vifundo, na si penginepo. Kwa kufuata mpaka huo, watafiti Manfred Schmidt na DeForest Mellon waliitenga hisi ya kunusa, iliyo na kituo chake, na hisi ya kemikali iliyotawanyika, ambayo kila kiungo huishughulikia nyumbani kwake. Mgawanyo huo una gharama yake, kwa kuwa humlazimu mtu kuamua jambo la hisi kwa kisu na hadubini badala ya kuliamua kwa tabia ya mnyama. Hata hivyo ndio uliowawezesha wachunguzi kuuliza maswali yanayojibika.

Njia moja au mbili?

Papasi ile ile ndogo yenye vinyweleo vya kunusa ina vinyweleo vya aina nyingine, ambavyo hupokea kemikali na mguso kwa pamoja, na neva zake haziendi katika vifundo. Huenda katika mtaa wa jirani wa ubongo, usio na vifundo, ambao pia huzitawala nyama zinazoitikisa papasi. Basi je, mnyama ana pua mbili katika kiungo kimoja?

Wanaosema njia ni mbili, tena zenye kazi mbalimbali, wana ushahidi wa mambo ya kijamii. Kamba wa jamii hii husemezana kwa mkojo, ambao huutoa kichwani, chini ya papasi kubwa, na kumpulizia mwenzake usoni. Kamba mwenye magando aliyeshindwa vitani humtambua mshindi wake kwa mkojo huo na kumwepuka wakutanapo tena. Ukiviondoa vinyweleo vya kunusa, utambuzi huo hupotea. Kaa dume wa buluu wa Marekani, Callinectes sapidus, akinyimwa vinyweleo hivyo haijui tena harufu ya jike aliye tayari. Kwa upande wa pili, asidi ya glutamati ikimgusa kamba koche papasini humfanya aisugue na kuisafisha papasi, na kitendo hicho huanzishwa na aina maalumu ya vinyweleo vya njia ya pili, wala njia ya kwanza haihusiki. Kila njia, basi, ina shughuli isiyoshirikiwa na mwenziwe.

Wanaosema tofauti hiyo imekuzwa kupita kiasi nao hawakukosa hoja, na hoja yao ni ya chakula. Katika maabara ya Charles Derby, huko Georgia State University, kamba koche walinyolewa vinyweleo vya kunusa, wengine wakanyolewa vile vya njia ya pili, kisha wakajaribiwa. Na ikaonekana kwamba aliyebakiwa na njia yoyote kati ya hizo mbili bado aliweza kukifuata chakula hadi kilipo, na hata kujifunza kupambanua harufu na harufu. Ikiwa kila njia yaweza kufanya kazi ya mwenzake, yafaa nini kuzitenga?

Ukiupima ushahidi huu, utaona kwamba pande mbili hazikujibu swali moja. Kutafuta chakula ni jambo ambalo mnyama hawezi kuthubutu kuliachia mlango mmoja, kwa kuwa papasi ni kiungo dhaifu kilicho mbele ya mwili, na mara nyingi hukatwa na samaki au na mwenzake. Hivyo si ajabu kwamba kazi hiyo imewekewa akiba. Kumjua adui aliyekushinda jana ni jambo jingine, nalo lahitaji kulinganisha mchanganyiko wa harufu nyingi na kumbukumbu, kazi ambayo vifundo vina nyenzo zake na mtaa wa jirani hauna. Fauka ya hayo, majaribio ya chakula hufanywa aghalabu kwa harufu chache, zilizo wazi, ndani ya tangi. Na tangi, hata likiwa na mkondo wa maji, si mwamba wenye mapango ishirini na harufu mia.

Wavuvi wa pwani yetu wana jaribio lao la kale zaidi. Mpiga mbizi humfunga pweza kwenye ncha ya fimbo na kumwingiza katika pango la kamba koche, na kamba hutoka mbio akaangukia mkononi. Je, hutoka kwa kumwona pweza, kwa kumgusa, au kwa kumnusa? Huko Karibi imeonekana kwamba kamba koche wachanga huliepuka pango lenye harufu ya pweza, kwa hiyo pua peke yake yatosha kumtia hofu. Lakini katika giza la pango, pua, mguso na kivuli hufika kwa pamoja, na swali lililo gumu ni wapi ubongo huyakutanisha.

Urithi au sadfa?

Swali hilo ndilo lililowagombanisha wanazuoni wa ubongo wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1850, Mfaransa Félix Dujardin alikiona katika ubongo wa nyuki kiungo chenye umbo la uyoga, akakihusisha na akili ya mdudu huyo. Na mwaka 1882, Mwitaliano Giuseppe Bellonci akakieleza kile cha nusu-yai katika kamba wa Mediteranea ambaye mikono yake ya mbele humfananisha na vunjajungu. Katika karne ya ishirini uyoga wa wadudu ulithibitika kuwa ghala la kumbukumbu za harufu. Hemielipsoidi ikabaki ikingoja hukumu.

Kundi linaloongozwa na Nicholas Strausfeld wa Arizona hushikilia kwamba viungo hivi viwili ni kimoja, kilichorithiwa kutoka kwa babu mmoja. Na hoja hii imepata nguvu kwa kuwa nasaba ya viumbe ilivyopangwa upya huwaweka wadudu ndani ya silsila ya krasteshia, kama tawi lililopanda nchi kavu. Wametoa dalili tatu: mahali pa kiungo katika mpango mzima wa ubongo, mpangilio wa nyuzi zake sambamba, na wingi wa protini moja ambayo katika nzi wa matunda huambatana na kujifunza. Mwaka 2017 walimrudia kamba wa jamii ya yule mfano wa vunjajungu, wakaonyesha katika ubongo wake kiungo chenye umbo la uyoga wenyewe, pamoja na kichwa chake na bua lake, jambo ambalo mpinzani hawezi kulipita kama asiyeliona.

Wapinzani, na miongoni mwao Steffen Harzsch na Jakob Krieger wa Greifswald, hawakatai udugu wa mbali, ila hutia hadhari juu ya haraka ya hukumu. Protini moja, wanasema, ni shahidi mmoja. Yaweza kuwapo kwa sababu kazi inafanana, pasipo nasaba kufanana. Fauka ya hayo, kile kituo cha pili tulichokitaja, chenye kupokea harufu na mwanga na mguso pamoja, hakina mwenziwe kwa wadudu, na katika kamba wenye magando ndicho kipelekacho habari katika hemielipsoidi. Ikiwa mto haupiti njia ile ile, ni vigumu kudai kwamba bahari unayoingia ni ile ile. Tena pua yenyewe ni mbali na mbali: wadudu hunusa kwa ukoo wa vipokezi ambao haukuonekana katika jenomu ya kiroboto-maji Daphnia pulex, krasteshia wa kwanza kusomwa jenomu yake, na katika kamba koche kazi hiyo hufanywa na ukoo mwingine, ulio wa kale zaidi. Hata kanuni inayopendeza ya wadudu, kwamba kila aina ya kipokezi ina kifundo chake, haijathibitika kwa kamba, ambaye seli zake zitokazo kituoni hukusanya habari za vifundo vingi kwa pamoja.

Udhaifu wa kundi la kwanza ni kupenda kufanana. Wa kundi la pili ni kwamba hadhari, ikizidi, huwa njia ya kutosema kitu. Kwa maoni yangu, mizani huinamia upande wa urithi wa msingi, pamoja na ukarabati mkubwa uliofuata: yaani babu alikuwa na kiungo cha juu kilichounganishwa na pua, na kila tawi la wajukuu likakipanua, likakikunja au likakipunguza kadiri ya maisha yake. Ushahidi unaonishawishi zaidi hautoki kwa wadudu, bali kwa kaa wa mabwawa ya Argentina, Neohelice granulata, ambaye hemielipsoidi yake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ilionekana ikibadili majibu yake baada ya mnyama kujifunza. Na alichojifunza kilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho, wala hakikuwa harufu. Mellon naye, katika kamba wa mito ya Marekani, alizipata humo seli zinazoijibu harufu, mwanga na mguso. Kiungo kilichoanza kuwa kilele cha njia ya pua kimekwisha kuwa baraza la hisi zote.

Kaa walioiacha bahari

Kama hisi hutambulikana kwa njia yake ubongoni, basi ingetazamiwa kwamba mnyama aihamapo bahari aweza kwenda nayo. Kaa wa minazi, Birgus latro, anayeonekana usiku katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja na Misali karibu na Pemba, ndiye mfano ulio bora. Hufikia uzito wa kilo 4, na akiisha kukua hufa maji akitumbukizwa baharini, japo watoto wake huanzia huko. Mwaka 2005, Marcus Stensmyr na wenzake walimpima kwa chombo kilichobuniwa kwa ajili ya papasi za wadudu, wakakuta kwamba pua yake huzijibu harufu za hewani, na kwamba yeye mwenyewe huvutwa na harufu ya nyama iliyooza na ya matunda. Kituo chake cha kunusa ni kikubwa, chenye vifundo zaidi ya 1,000. Jamaa yake, yule kaa mdogo wa nchi kavu anayekaa katika kombe la konokono, yu vivyo hivyo.

Lakini mwenye kutoa hukumu kwa huyu peke yake atakosea, kwa kuwa kaa wa kweli waliopanda nchi kavu, na chawa-mti wakaao chini ya magogo, hawakuihama bahari pamoja na pua: papasi zao ndogo zimefifia, na vituo vyao vya kunusa vimepungua. Gharama ya kunusa hewani si ndogo. Kinyweleo chenye ngozi nyembamba kiasi cha kupitisha harufu hupitisha maji vilevile, na mnyama apumuaye kwa matamvua yenye unyevu hana maji ya kupoteza. Kaa wa minazi alivifupisha vinyweleo vyake na kuilipa gharama hiyo, wengine wakaona nafuu kuyategemea macho na mguso. Ubongo wa aina moja, mbele ya tatizo moja, ulifuata njia mbili.

Mizani

Kwa hiyo kundi lililosema kwamba kaa ni mtego wa panya halina pa kusimama. Harufu, kutoka ncha ya papasi hadi shina la jicho, hupimwa kwa wakati, hupambanuliwa katika vifundo, hutawanywa pande zote mbili za kichwa, na mwisho hukutanishwa na yaliyoonwa na yaliyoguswa, mahali ambapo kujifunza huacha alama. Na kigezo cha ripoti ile ya mwaka 2021 kuhusu mkutano wa hisi kimetimia, angalau kwa kaa na kamba wakubwa waliochunguzwa. Kundi la pili nalo halipati ushindi wote, kwa maana kukutana kwa hisi ni sharti la fahamu wala si fahamu yenyewe, na hakuna hesabu ya vifundo itakayotuambia kamba koche husikiaje anapoipata harufu ya pweza. Ama ugomvi wa urithi na sadfa, ambao huwashughulisha wanazuoni kuliko mwingine wowote, hauondoi wala hauongezi kitu katika swali la sheria: baraza ni baraza, liwe limejengwa na babu au na mjukuu.

Mahali ambapo habari hizi zina uzito wa kesho asubuhi ni katika vituo vya kuzalisha vifaranga vya kamba wa kufugwa. Mwaka 1943, Mfaransa Panouse alionyesha kwamba kamba jike aliyekatwa shina la jicho hukomaza mayai haraka, kwa kuwa tezi iliyomo humo ndiyo iyazuiayo, na baadaye ukataji wa shina moja ukawa ada ya biashara hiyo mahali pengi duniani. Faida yake yajulikana na kila mfugaji: mayai huja kwa siku chache na kwa wakati utakiwao. Hasara huhesabiwa kuwa ni jicho moja. Lakini katika kamba hawa nusu ya kilele cha ubongo imo ndani ya kipande kile kinachotupwa pamoja na jicho na tezi, na shina lililobaki huendelea, peke yake, kuzipokea harufu za pua zote mbili.